Wanajuaje zebaki ya kwenye tope la San Francisco ni ya enzi za dhahabu na sio ya viwanda vya juzi?

MlaSamaki_Richmond:

Wakuu habari za muda huu. Niko California upande wa Richmond, wikendi napenda kushuka gatini kuvua. Huku kwenye magati kuna mabango yenye michoro ya samaki, yanasema kina mama wa umri wa kuzaa na watoto wasile papa wala sturgeon wala striped bass wa humu ghubani, na sababu kubwa mojawapo ni zebaki. Hilo sina ugomvi nalo, salmoni wanaruhusu basi maisha yanaenda.

Sasa kuna mzee mmoja tunavua naye akaniambia zebaki hiyo ilimwagwa na wachimba dhahabu milimani huko miaka ya 1850 na kitu. Nikacheka. Yaani kiwanda cha kusafisha mafuta unakiona kwa macho, bandari hii hapa, halafu lawama zinaenda kwa marehemu wa zaidi ya miaka 150? Marehemu hajibu, rahisi sana kumsingizia.

Nikaingia kusoma, nakuta wanasema walizamisha mabomba kwenye tope la chini ya ghuba, wakapima tabaka kwa tabaka, wakapata historia yote. Hapo ndo nimekwama. Tope linatunzaje tarehe? Minyoo ipo, mawimbi yapo, meli zinapita, vyote hivyo vinakoroga. Na hata wakiikuta zebaki wanajuaje imetoka mgodini na sio kwenye bomba la kiwanda? Mwenye uelewa ashushe nondo, ila lugha ya kawaida tafadhali.

---

Mashapo_Tu:

Mkuu wasiwasi wako una msingi ila mzee wako hajakudanganya. Mimi ni mtu wa mashapo (tope na mchanga unaotuama chini ya maji), habari za samaki watakuja wenyewe.

Tuanze na milimani kwanza maana bila kujua huko tope la chini halisomeki. Dhahabu ilionekana Coloma Januari 1848. Miaka ile ya mwanzo watu walikuwa wanachekecha mitoni kwa karai, ya juu juu ikaisha, ndipo kuanzia mwaka 1853 hivi wakaja na kupiga kilima kwa maji. Maji yanateremshwa kwa mifereji na mabomba kutoka juu, yanatokea kwenye mdomo wa chuma kwa presha ambayo kilima kizima kinaporomoka kinakuwa uji. Uji huo unapitishwa kwenye mifereji mirefu ya mbao yenye vizuizi sakafuni, na kwenye vizuizi wanamwaga zebaki ili ikamate vumbi la dhahabu. Inayokamata inabaki, ila nyingine inapondekapondeka inakuwa vitone vidogo sana inasombwa na kifusi kwenda mtoni. Shirika la jiolojia la Marekani (USGS) linasema mfereji ulioendeshwa vizuri ulipoteza kama asilimia 10 ya zebaki yake kwa mwaka, wa kawaida hadi asilimia 30. Jumla iliyopotea kwenye uchimbaji wa aina hiyo California wanaikadiria kama tani 4,500.

Na hawakuiagiza mbali. Karibu na San Jose kulikuwa na New Almaden, mgodi mkubwa wa zebaki kuliko yote Amerika Kaskazini, jiwe jekundu la sinaba wanalichoma mvuke unapoozwa unakuwa zebaki. Migodi ya ukanda ule wa milima ya pwani ilitoa zebaki kama tani 100,000 kati ya 1850 na 1981. Ya kwao wenyewe, ya bei nafuu, ndo maana waliimwaga bila huruma.

Kifusi nacho sio cha mchezo. Mwanajiolojia Grove Karl Gilbert alikipigia hesabu, kitabu chake kikatoka 1917: zaidi ya mita za ujazo bilioni 1. Mito ikajaa mchanga, mashamba ya bondeni yakafukiwa, wakulima wakaenda mahakamani, na Januari 1884 jaji Lorenzo Sawyer akapiga marufuku kumwaga kifusi mitoni. Kwa hiyo hapa tuna uchafuzi wenye mwaka wa kuanza na mwaka wa kupungua ambao uko kwenye makaratasi ya mahakama kabisa, bahati ambayo watu wa mashapo hatuipati mara nyingi.

Sasa tarehe. Unazamisha bomba kwenye tope linatoka na nguzo nzima ya tope, unaikata vipande vya sentimita 1 au 2, kila kipande unakikausha na kukipima. Tope la chini ni la zamani, la juu ni la juzi, hilo halina ubishi, kazi ni kujua la zamani *kiasi gani*. Zipo saa kadhaa:

Ya kwanza ni ledi-210, aina ya madini ya risasi yenye mionzi. Radoni ni gesi inatoka ardhini inapanda hewani, inageuka inakuwa ledi-210, inadondoka na mvua na vumbi mpaka kwenye tope. Ikishafukiwa haipati nyingine mpya, na kila miaka 22 hivi nusu yake inakwisha. Unapima imebaki kiasi gani kwenye kila kipande unapata umri. Kasoro yake ni kwamba ikifika miaka 100 na ushee inakuwa imebaki kidogo mno, haikufikishi vizuri 1850.

Ya pili sesiamu-137, hii ni mavumbi ya mabomu ya nyuklia ya majaribio. Kabla ya miaka ya 1950 karibu huioni kwenye tope, ilipanda ikafika kilele 1963. Ukikuta kilele kwenye nguzo yako umeshapigilia msumari mmoja.

Halafu kuna za viumbe, hizi mimi nazipenda zaidi. Wazungu walivyokuja California walikuja na magugu ya kwao, chavua ya yale magugu inaonekana kwenye tope kuanzia kipindi fulani, chini ya hapo hakuna. Juu kabisa kuna vijidudu vya gamba vya asili ya Japani vilivyoonekana ghubani kwa mara ya kwanza miaka ya 1980, inaaminika vilikuja na meli. Kipande chenye hao hakiwezi kuwa cha mwaka 1900, basi.

Na ya mwisho ambayo watu wanaisahau: ramani. Serikali ilipima kina cha ghuba ya San Pablo (hiyo hapo kaskazini kwako) mwaka 1856, ikapima tena 1887, tena 1898, 1922, 1951, 1983. Ukitoa ramani moja kwenye nyingine unaona tope lilipojaa na lini. Kati ya 1856 na 1887 peke yake zilijaa zaidi ya mita za ujazo milioni 250. Kwa hiyo unaweza kuonyesha kwa kidole kwamba kuanzia kina fulani hadi kina fulani ni tope la kipindi cha maji ya presha.

Saa hizi hazijuani. Moja ya hewani, moja ya mabomu, moja ya magugu, moja ya mabaharia na kamba zao za kupimia kina. Zikikubaliana nne mkuu hapo unabishana na nini.

Majibu yalivyotoka: tope la kabla ya wachimbaji lina zebaki kama miligramu 0.06 kwa kilo, hiyo ni ya asili, milima ya huku ina sinaba. Tabaka za 1850 hadi 1880 zinaruka zinafika 0.3 hadi 0.4. Na kuna sehemu kwenye nguzo hizo ilifika karibu mara 20 ya ile ya asili.

---

Bwana_Hesabu:

Umeeleza vizuri ila umekwepa swali la minyoo. Mimi naona hilo ndo swali zito kuliko yote kwenye uzi huu. Tope la bahari limejaa minyoo, kome, kamba wa kuchimba, wanatoa la chini wanaweka juu. Sasa hizo sentimita 2 mnazokata zina maana gani? Na la pili, 0.4 dhidi ya 0.06 sio mlima huo jamani. Tani elfu nne na mia tano halafu tope lina 0.4?

---

Mashapo_Tu:

Sijakwepa bwana, vidole vilichoka 😄

Minyoo inakoroga kweli. Ila ukikoroga chai sukari inasambaa, haiongezeki. Minyoo inaweza kupunguza urefu wa kilele na kukitanua, haiwezi kuzalisha kilele ambacho hakikuwepo. Na inajionyesha: kama juu pamekorogwa, ledi-210 inasoma karibu sawa kwenye vipande vyote vya juu badala ya kushuka taratibu, na kilele cha sesiamu kinakuwa kipana hakina ncha. Nguzo ya hivyo unaitupa, au unaitumia ukijua kwamba unasoma miongo na sio miaka. Halafu kumbuka kasi ya kujaa. Mnyoo anafanya kazi sentimita kumi, ishirini za juu, lakini San Pablo enzi zile kuna mahali zilijaa mita nzima na zaidi ndani ya miaka 30. Tope linafukiwa kabla wadudu hawajalimaliza.

Hilo la pili ni zuri zaidi. Kiasi kwa kilo na jumla ni vitu viwili tofauti, na watu wengi wanadanganyika hapa. Ile zebaki haikuja peke yake, ilikuja na mlima wa mchanga na udongo msafi wa Sierra Nevada (ile milima ya dhahabu), ukaizimua. Namba ya kwenye kilo inaonekana ndogo, ila lizidishe kwa unene wa lile tabaka halafu kwa eneo zima la ghuba ndo utaona mzigo. Kinyume chake, mfereji mdogo wa kiwanda unaweza kukupa namba ya kutisha kwenye kijisehemu cha upana wa uwanja wa mpira na jumla yake ikawa kichekesho.

Kingine, mchanga haushiki zebaki kama tope laini linavyoshika. Ukilinganisha kipande cha mchanga na cha tope bila kurekebisha utaona uchafuzi ambao haupo. Ndo maana tunapima na alumini pamoja, inatuambia kipande kina udongo laini kiasi gani, tunagawanya.

---

MlaSamaki_Richmond:

Aisee. Tarehe nimekubali. Lakini kiwanda bado hamjakisafisha, tarehe sio chanzo.

---

Mashapo_Tu:

Haya chanzo. Angalia nani kaingia kwanza. Kwenye nguzo zilezile walipima pia fedha (ile madini), ledi, shaba na zinki, hizi ndo zinaendana na viwanda na maji taka ya mji. Zenyewe zinaanza kupanda baada ya 1910 hivi. Zebaki imewatangulia wote kwa zaidi ya miaka 30. Kama ingekuwa ya kiwanda ingepanda pamoja na wenzake. Mwaka 1860 huko Richmond kwako hakukuwa na kiwanda cha mafuta, ni malisho ya ng'ombe tu.

Pili, kifusi chenyewe kinajieleza kwao ni wapi. Mawe ya Sierra Nevada na mawe ya milima ya pwani yana umri na asili tofauti, isotopu zao (yaani aina za elementi moja zinazotofautiana uzito) za ledi, strontiamu na neodimiamu hazifanani. Watafiti wa USGS walipima tabaka zile zenye zebaki wakakuta zimebeba alama ya Sierra. Huwezi kuipata alama hiyo kwa kumwaga ndoo ya zebaki hapo bandarini.

Tatu, zebaki yenyewe ina isotopu 7 zisizooza, na uwiano wao unabadilika kidogo kutegemea imepitia nini, mfano iliyochomwa tanurini na mabaki ya jiwe yaliyobaki baada ya kuchomwa hazilingani. Kwa njia hiyo wameonyesha kuwa zebaki ya kwenye tope la kabla ya migodi ni tofauti na ya baada yake. Pia ghuba sio kitu kimoja: kaskazini inatawaliwa na ile iliyoshuka na mto Sacramento kutoka kwenye dhahabu, kusini huko Alviso inatawaliwa na ya New Almaden iliyoshuka na mto Guadalupe. Kwa hiyo mzee wako yuko sahihi kwa upande wenu, angekuwa anavua San Jose ningemrekebisha.

Viwanda havina mikono misafi, wala sisemi hivyo. Vina vyao, ila kwa zebaki vimekuta meza imeshajaa.

---

Karasha_Kavu:

Nimesoma hii kitu nikiwa Geita nimekaa kimya kama nimenyeshewa. Wakuu hicho mnachosimulia cha 1853 ndo tunachofanya leo, tofauti ni maji ya presha tu. Sisi jiwe linapita karasha linakuwa unga, unga unaoshwa kwenye ubao uliotandikwa magunia, kile kizito unakiweka kwenye karai na zebaki unakoroga kwa mkono, mkono mtupu huo. Unakamua kwa kitambaa, kinabaki kidonge nusu zebaki nusu dhahabu, unachoma. Ya kuchoma inakwenda hewani na kwenye mapafu ya aliyesimama hapo. Nyingine inabaki kwenye marudio, yaani ule unga uliokwisha kuoshwa.

Na marudio hayatupwi, tunawauzia wenye matangi ya sayanaidi wanaoyeyusha dhahabu iliyobaki. Mtu wa mazingira alikuja kutueleza kuwa sayanaidi inayeyusha na zebaki ileile, kwa hiyo inasafiri mbali zaidi kuliko ingekaa yenyewe. Ni kweli hiyo?

---

Mashapo_Tu:

Kweli kabisa mkuu. Ni moja ya mambo manne yaliyotajwa kwa jina kwenye Mkataba wa Minamata (ule wa kimataifa wa zebaki, ulioanza kazi Agosti 2017) kwamba nchi zichukue hatua kuyakomesha: kuchanganya zebaki na unga wote wa jiwe bila kuupunguza kwanza, kuchoma hadharani, kuchoma kwenye makazi ya watu, na hiyo ya kuweka sayanaidi kwenye marudio yenye zebaki bila kuitoa kwanza.

Na nikupe moja utacheka. Mashine tunayopimia tope inachoma kipande, moshi wake unapitishwa juu ya dhahabu, dhahabu inaikamata zebaki, halafu tunaipasha moto inaachia tunaipima kwa mwanga. Yaani maabara tunafanya kazi yako kinyumenyume.

---

Karasha_Kavu:

😂😂 Kwa hiyo dhahabu mnayo huko maabara. Nitumieni anwani.

---

MlaSamaki_Richmond:

Swali la mwisho kutoka kwangu. Kama imefukiwa mita nzima chini, si imezikwa? Kwa nini mimi leo nazuiwa samaki?

---

Bwana_Hesabu:

Nilitaka kuuliza hilohilo. Na kwa nini wasiichote tu yote wakaitupa mahali? Hela wanayo.

---

Mashapo_Tu:

Kwa sababu haikai kuzikwa. Ramani zilezile zinaonyesha kuwa kuanzia 1951 San Pablo imegeuka, badala ya kujaa inamomonyoka. Kifusi kutoka milimani kiliisha kushuka, halafu mabwawa makubwa yakajengwa kwenye mito, Shasta lilimalizika 1945, tope linakamatwa huko juu. Mto ukileta tope kidogo, mawimbi yanaanza kula la chini, na la chini ni lile la 1870. Unaona kituko chenyewe? Jaji alizuia 1884, na tope la kabla ya hukumu yake linatoka hadharani miaka ya sasa.

Likishatoka, bakteria wa kwenye matope yasiyo na hewa wanaibadilisha kidogo kuwa zebaki ya methili. Hiyo ndo inayoingia kwenye vijidudu, kisha dagaa, kisha samaki mkubwa, kila ngazi inazidi. Papa anakula kwa miaka mingi, ndo maana yuko kwenye bango. Salmoni sehemu kubwa ya maisha yake anakula baharini huko nje.

Kuchota yote haiwezekani kwa eneo la ukubwa ule. Waliochota ni Minamata, Japani. Pale kiwanda kilimwaga kuanzia 1932 hadi 1968, chanzo kimoja na ghuba ndogo, tope lenye zaidi ya miligramu 25 kwa kilo ndo lililoondolewa au kufukiwa, kama mita za ujazo milioni 1.5, kazi ikaanza 1977 ikaisha 1990, na sehemu iliyojazwa leo ni nchi kavu ya hekta 58. Linganisha hiyo 25 na 0.4 yenu. San Francisco ni kidogo kidogo ila kila mahali, ukianza kuchota unakoroga kilichotulia.

Hata kugusa kidogo wanaogopa. Kule Alviso kuna mabwawa ya zamani ya chumvi wanayoyarudishia maji ya bahari ili yawe makazi ya ndege. Bwawa moja linaitwa A8 liko karibu kabisa na tope la New Almaden. Walihofia kasi ya maji ikichimbua, wakajenga lango la kufungua kipande kwa kipande badala ya kubomoa tuta, wakafungua 2011 huku wanapima samaki na mayai ya ndege. Zebaki ikapanda mwanzoni, kisha ikashuka tena, wakaendelea kufungua taratibu.

---

Mkoko_Pwani:

Samahani naingilia kwa kuchelewa. Mimi niko Tanga nafikiria mada ya utafiti wa shahada, nilitaka kuchukua nguzo za tope kwenye mikoko niangalie zebaki kwa miaka 100. Wengine wananiambia zebaki ya dhahabu haifiki kwetu, nisihangaike. Ushauri kaka Mashapo?

---

Karasha_Kavu:

Dada ya Geita inashuka ziwa Victoria, na ya Chunya mto Lupa unaipeleka ziwa Rukwa ambalo halina pa kutokea. Ya kwetu hutaiona huko.

---

Mashapo_Tu:

Karasha kasema kweli, ila usiache. Usiende ukitafuta dhahabu tu, zebaki inafika pwani kwa njia nyingi, udongo unaomomonyoka mashambani unayo, moto wa msitu unairusha, makaa ya mawe duniani kote yanaileta kwa hewa. Nguzo ya mikoko ikikuonyesha haijapanda hiyo nayo ni matokeo, andika.

Vitu vya kuangalia: mikokoni kaa wanachimba kwenda chini kuliko mnyoo yeyote niliyemsema juu, kwa hiyo usichukue nguzo kwenye mashimo ya kaa wala pembezoni mwa mkondo, tafuta mahali pametulia pasipo na mashimo mengi. Chukua angalau mbili jirani ulinganishe. Mizizi itoe kabla ya kupima maana inakuharibia hesabu ya uzito. Sesiamu upande wetu wa ikweta ni dhaifu kuliko kaskazini, usiitegemee peke yake, panga bajeti ya ledi-210 mapema maana ndo itakayokula hela. Na pima alumini na kaboni ya mimea kwenye kila kipande, tope la mikoko limejaa majani yaliyooza na zebaki inayapenda sana hayo majani, usije ukaandika uchafuzi kumbe ni kivuli cha mti tu.

---

Mkoko_Pwani:

Asante sana kaka. Nimekuandikia inboksi kuhusu wapi wanapima ledi-210, nijibu ukipata nafasi.